Kuandaa Ombi la Ruzuku ya Nishati ya Shamba na Afya ya Udongo: Mwongozo kwa Vikundi vya Wakulima wa Nyanza, Magharibi na Nakuru

Vikundi vingi vya wakulima huanza kutafuta ruzuku siku ile tangazo linapobandikwa katika ofisi ya wadi, na kwa kuwa matangazo mengi huacha majuma machache tu kabla ya tarehe ya mwisho, ombi huandikwa kwa haraka kwa kunakili lile la kikundi jirani. Mwongozo huu unapendekeza mpangilio ulio kinyume: vipimo kwanza, karatasi za kikundi pili, mfadhili tatu, na fomu mwisho kabisa. Udongo na nishati ni mambo yanayopimika kwa namba, na anayesoma maombi mia moja yanayolalamikia rutuba duni na gharama kubwa ya mafuta hulitambua mara moja lile moja linaloonyesha kiasi.

Kabla ya yote, kikundi kitofautishe ruzuku na mkopo. Hazina ya Uwezo, Hazina ya Wanawake na AFC, shirika la serikali la fedha za kilimo, hutoa mikopo, hata kama masharti yake ni nafuu kuliko ya benki, na fedha hizo lazima zirudishwe. Ruzuku hairudishwi, lakini karibu kila mara hudai mchango wa kikundi wenyewe, taarifa za matumizi na ruhusa ya mkaguzi kuingia shambani. Kuna vikundi ambavyo mkopo mdogo ungevifaa zaidi, hasa pale kifaa kinachotakiwa kinaweza kujilipa katika misimu miwili, na si aibu kufikia uamuzi huo mapema.

Hatua ya kwanza: pimeni udongo

Katika sehemu kubwa ya Vihiga, Kakamega, Bungoma na Siaya, na pia katika nyanda za juu za Nakuru kama Molo na Kuresoi, kasoro kubwa ya udongo haionekani kwa macho. Mvua nyingi ya miaka mingi imeosha kalisi na magnesi, na mbolea ya DAP iliyotumika msimu baada ya msimu bila chokaa wala samadi imezidisha asidi. Kipimo cha pH, ambacho hushuka kadiri asidi inavyozidi, kinapofika chini ya 5.5, alumini huanza kuyeyuka katika maji ya udongo na kudumaza mizizi, na fosforasi ambayo mkulima ameinunua kwa bei ghali hunaswa na alumini na chuma hata mmea usiweze kuifikia. Mkulima huona mahindi yenye majani ya rangi ya zambarau na kudhani mbolea ni haba, akaongeza DAP, na asidi ikaongezeka.

Hali hii haiko kila mahali. Udongo mweusi wa mfinyanzi katika nyanda za Kano, kuelekea Ahero, mara nyingi hauna asidi ya kuhitaji chokaa; shida yake ni maji kutuama na mipasuko wakati wa kiangazi. Huko Katuk Odeyo, Nyakach, makorongo yamekula mashamba yenyewe, na kumwaga chokaa juu ya mteremko usio na matuta ni sawa na kuununulia mto chokaa. Kikundi cha Nyakach kikinakili ombi la kikundi cha Emuhaya, mtaalamu wa udongo katika jopo la uteuzi atagundua kabla ya kufika ukurasa wa pili.

Kuchukua sampuli ni kazi ya asubuhi moja, lakini ikifanywa ovyo majibu yote huwa hayana maana. Kwa kila shamba, au kwa kila sehemu ya shamba iliyo tofauti kwa mteremko, rangi ya udongo au historia ya mazao, tembeeni kwa njia ya kupinda-pinda na kuchukua udongo katika sehemu 15 hadi 20, kina cha sentimita 20. Epukeni mahali palipokuwa boma la ng'ombe, vichuguu, chini ya miti, kando ya njia na mahali palipochomwa takataka. Changanyeni udongo huo katika ndoo safi ya plastiki, ambayo haijawahi kubeba mbolea, kisha toeni nusu kilo, muianike kivulini, muifunge kwa mfuko safi na kuandika jina la mkulima, kijiji, tarehe na zao lililokuwapo. Msichukue sampuli mara tu baada ya kuweka mbolea au samadi.

Maabara zinazoaminika zipo: KALRO, taasisi ya taifa ya utafiti wa kilimo na mifugo, ina maabara kubwa ya udongo Kabete na kituo Kakamega, Chuo Kikuu cha Egerton kiko Njoro, na kuna maabara za watu binafsi zinazopokea sampuli kwa kampuni za kubeba vifurushi. Vifaa vidogo vya kupimia shambani vinasaidia mkulima kujua mwelekeo, lakini katika ombi la ruzuku cheti cha maabara ndicho kinachohesabika. Ombeni kipimo cha pH, fosforasi, kaboni ogania, nitrojeni na potasiamu, pamoja na ushauri wa kiasi cha chokaa. Si lazima kila mwanachama apimiwe. Kikundi chenye wanachama 25 kinaweza kuchagua mashamba manane yanayowakilisha tofauti za eneo, mradi njia ya kuyachagua ielezwe wazi katika ombi.

Majibu yakishafika, yageuzeni kuwa kiasi. Tuseme maabara imeshauri tani mbili za chokaa kwa hekta, kiwango ambacho hutajwa mara nyingi kwa udongo wa eneo hili. Hiyo ni takribani kilo 800 kwa ekari, yaani mifuko 16 ya kilo 50. Wanachama 20 wakitenga nusu ekari kila mmoja, kikundi kinahitaji tani nane. Chokaa huchimbwa Koru, katika kaunti ya Kisumu, kwa hiyo kwa vikundi vya Muhoroni, Vihiga au Nandi gharama ya usafiri si kubwa, ila kwa Busia au Kuresoi usafiri unaweza kukaribia bei ya chokaa yenyewe. Hapa ndipo ruzuku ya kikundi inapokuwa na maana kuliko ununuzi wa mtu mmoja mmoja, kwa sababu lori moja hubeba mzigo wa wote. Andikeni hoja hiyo waziwazi. Ni hoja ya uchumi, si ya huruma.

Jambo ambalo waombaji wengi hulisahau ni kalenda. Chokaa inatakiwa iingie ardhini na kuchanganywa na udongo kama majuma matatu au manne kabla ya kupanda, na mvua za masika huanza Machi. Fedha zikifika Aprili, msimu umepita, na mfadhili atauliza kwa nini fedha zimelala benki. Pangeni ratiba yenye njia mbili: moja ya masika, na nyingine ya kupanda kabla ya mvua za vuli iwapo fedha zitachelewa, kwa maana huchelewa.

Chokaa peke yake haitoshi, na ombi linaloomba chokaa tupu huonekana la mtu aliyesikia jambo nusu. Inarekebisha asidi, lakini hailishi udongo. Iunganisheni na chanzo cha fosforasi na kitu kinachorudisha mboji: samadi iliyooza, majani ya akech (tithonia) yanayomea kando ya njia kote Maseno na Siaya, au mabaki ya mahindi yasiyochomwa. Penye gugu la kayongo (striga), mbinu iliyoendelezwa na taasisi ya utafiti wa wadudu ya ICIPE katika kituo chake cha Mbita, ya kupanda desmodiamu, mmea wa malisho wa jamii ya kunde, kati ya mistari ya mahindi na nyasi pembezoni mwa shamba, hupunguza gugu hilo, huongeza nitrojeni na kuwapa ng'ombe malisho kwa wakati mmoja. Gharama yake kubwa ni mbegu ya desmodiamu na palizi ya msimu wa kwanza, na gharama zote mbili zinaweza kuingizwa katika bajeti.

Hatua ya pili: hesabuni nishati mnayotumia na mnayohitaji

Kwa muda wa msimu mmoja, wekeni daftari la nishati. Anayetumia pampu ya petroli aandike lita, bei na saa za kumwagilia. Ushirika wenye mtambo wa kupozea maziwa uhifadhi risiti za umeme na idadi ya lita zilizoharibika umeme ulipokatika. Anayepikia kuni aandike mizigo ya kuni na nani aliyeibeba. Bila daftari hili hakuna njia ya kuonyesha kilichookolewa baadaye, na wafadhili wa masuala ya tabianchi hupenda sana kuona hali ya kabla na ya baada.

Kisha hesabuni hitaji. Chukueni mfano wa ekari moja ya sukumawiki na nyanya kando ya mto Nyando. Ekari ni kama mita za mraba 4,000, na siku ya jua kali mboga huhitaji takribani milimita tano za maji, ambazo ni lita 20,000 kwa siku. Iwapo tangi liko mita 20 juu ya maji, tukihesabu pia msuguano wa mabomba, kuyapandisha maji hayo kunahitaji nishati ya kilowati-saa moja na kidogo. Pampu na mota hupoteza zaidi ya nusu ya umeme zinaoupokea, kwa hiyo paneli zitoe kama kilowati-saa 2.7 kwa siku. Na kwa kuwa eneo hili hupata wastani wa saa tano hivi za jua kamili, tukiongeza kiasi kwa ajili ya vumbi na joto, paneli za wati 600 hadi 700 zinatosha. Mwuzaji akileta makadirio ya wati 2,000, mwulizeni kwa nini. Akileta ya wati 200 na kuahidi ekari nzima, mwulizeni kwa sauti ya juu zaidi. Umwagiliaji wa matone hupunguza hitaji hilo, nao unastahili kuwekwa pamoja na pampu, kwani pampu ya sola inayomwaga maji kwenye mifereji ya udongo hupoteza faida yake njiani.

Biogesi ina hesabu yake. Ng'ombe wa gredi anayefungiwa zizini hutoa kama kilo 15 za kinyesi kwa siku. Watatu hutoa kilo 45. Kilo moja hutoa karibu lita 35 hadi 40 za gesi, hivyo ng'ombe watatu hutoa kama mita ya ujazo moja na nusu kwa siku, inayoweza kuwasha jiko moja kwa takribani saa nne. Hayo ni mapishi ya familia, na pengine maji ya kuosha ndoo za kukamulia. Ng'ombe wa kienyeji anayechungwa mchana kutwa huacha zizini kinyesi cha usiku tu, na hesabu hupungua kwa nusu au zaidi. Aidha, kinyesi huchanganywa na maji kwa kiasi sawa, yaani lita 45 kila siku, na swali la nani atakayeyateka halimo katika fomu nyingi lakini ndilo limekausha mitambo mingi vijijini. Penye kisima uani, biogesi hudumu. Penye mwendo wa nusu saa hadi mtoni, fikirini kwanza tangi la maji ya mvua, na mliweke ndani ya bajeti hiyo hiyo.

Kwa mtambo wa kupozea maziwa au kukausha nafaka, msifanye hesabu wenyewe. Mwiteni mhandisi, kwa sababu makosa yake ni ya mamilioni.

Hatua ya tatu: fungeni mambo haya mawili pamoja

Ombi linaloomba sola katika ukurasa mmoja na chokaa katika mwingine, kana kwamba ni miradi miwili, hupoteza nguvu. Uhusiano upo na unaelezeka. Tope linalotoka katika mtambo wa biogesi ni mbolea yenye nitrojeni inayofyonzwa upesi, ilimradi lihifadhiwe kivulini au kwenye shimo lililofunikwa na kutumiwa mapema, kwa maana likiachwa juani sehemu kubwa ya nitrojeni hupotea hewani. Gesi ikipatikana, mabua ya mahindi hayachomwi tena jikoni, nayo hubaki kufunika udongo. Maji ya pampu huwezesha malisho ya kando ya matuta kustawi wakati wa Januari na Februari, malisho hulisha ng'ombe, na ng'ombe huturudisha kwenye mtambo. Mchoro mmoja wa mkono unaoonyesha mzunguko huo, wenye kilo na lita pembeni, unaweza kuokoa kurasa tatu za maelezo.

Hatua ya nne: tayarisheni karatasi za kikundi

Tangu Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022, kikundi kinahitaji angalau watu kumi, na husajiliwa katika ofisi ya maendeleo ya jamii ya kaunti ndogo. Cheti kiwe hakijaisha muda. Pamoja nacho, kikundi kiwe na katiba iliyotiwa sahihi, orodha ya wanachama yenye nambari za vitambulisho, nambari ya PIN ya KRA kwa jina la kikundi, akaunti ya benki yenye watia sahihi watatu, na taarifa ya benki ya miezi sita hadi kumi na miwili. Akaunti isiyo na mwendo wowote humwambia mfadhili kwamba kikundi kiliundwa kwa ajili ya ruzuku. Hata michango ya shilingi mia kwa wiki inayoingia bila kukatika ina thamani kubwa kuliko salio kubwa lililoingia siku moja. Kumbukumbu za mikutano ziwe zimeandikwa kwa wakati wake. Kumbukumbu za mwaka mzima zilizoandikwa kwa kalamu moja na mwandiko mmoja, bila doa wala kukatwa, hutambulika.

Ardhi ndiyo sehemu ngumu. Katika vijiji vingi vya Luo na Luhya hati miliki bado iko kwa jina la babu aliyekwisha kufariki, na kesi ya mirathi haijafunguliwa. Kwa chokaa na mbegu hilo halizuii sana, kwani barua ya chifu inayothibitisha kwamba mwanachama analima kipande hicho mara nyingi hukubaliwa. Lakini kwa pampu, tangi, mtambo wa biogesi wa pamoja au chumba cha maziwa, kikundi kisijenge juu ya ardhi ya mtu mmoja kwa maneno ya mdomo. Mwenye ardhi akifariki au akikosana na wenzake, kilichojengwa kwa saruji hubaki kwake au kwa familia yake. Andikeni mkataba wa kukodisha wa miaka isiyopungua ile ya uhai wa kifaa, utiwe sahihi na mwenye ardhi pamoja na mwenzi wake, na muombe idhini ya Bodi ya Udhibiti wa Ardhi, kwa sababu ukodishaji wa ardhi ya kilimo ni miongoni mwa shughuli zinazohitaji idhini hiyo kisheria. Kazi hii huchukua muda, na ndiyo sababu nyingine ya kuianza kabla ya tangazo.

Mwisho, kila mwanachama ahakikishe kwamba amesajiliwa katika orodha ya kitaifa ya wakulima, ile inayotumika pia kwa mbolea ya ruzuku ya serikali. Ni ushahidi rahisi na hauna gharama.

Hatua ya tano: jueni fedha ziko wapi

Tangu 2013 kilimo kiko chini ya serikali za kaunti kwa mujibu wa Katiba ya 2010, kwa hiyo mlango wa kwanza ni afisa wa kilimo wa wadi, si Nairobi. Mradi mkubwa unaofanya kazi kupitia vikundi ni NAVCDP, mradi wa kitaifa wa kuendeleza minyororo ya thamani ya kilimo, unaofadhiliwa na Benki ya Dunia na ulioanza 2022, ukichukua nafasi ya miradi ya NARIGP na KCSAP iliyoutangulia. Hufanya kazi kwa minyororo ya mazao, yaani mazao au mifugo inayoendelezwa kutoka shambani hadi sokoni, iliyochaguliwa na kila kaunti, na fedha zake hupita katika vikundi vya wakulima, vyama vya akiba na mikopo vya wadi na mashirika ya wazalishaji. Swali la kuuliza ofisini ni moja: zao letu limo katika minyororo ya kaunti hii? Kama mnafuga kuku na kaunti haikuchagua kuku, msipoteze karatasi.

Mpango wa FLLoCA, wa kufadhili hatua za tabianchi zinazoongozwa na wananchi mashinani, nao huelekeza fedha za tabianchi katika kaunti, ambako kamati za mipango ya tabianchi za wadi hupanga vipaumbele. Hautoi pampu kwa shamba la mtu. Hutoa mradi wa wengi, kama kisima cha sola chenye sehemu ya kunyweshea mifugo, au urekebishaji wa makorongo. Ili mradi wenu uingie, lazima mtu wa kikundi awepo katika baraza linapofanyika, aseme, na jina la mradi liandikwe.

Kaunti yenyewe ina bajeti. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, na mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata hupelekwa katika bunge la kaunti kufikia Septemba 1. Anayepeleka barua ya kuomba chokaa au kliniki ya udongo mwezi wa Mei anazungumzia fedha ambazo tayari zimegawanywa. Pelekeni Julai au Agosti.

Upande wa mashirika, AECF, mfuko wa Afrika wa kusaidia biashara wenye makao Nairobi, hutoa fedha za ushindani kwa kampuni, zikiwemo za nishati jadidifu, na si kwa vikundi vya vijijini moja kwa moja. Faida yake kwa mkulima ni kwamba kampuni iliyopata fedha hizo huweza kushusha bei au kurefusha muda wa malipo, kwa hiyo muulizeni kila mwuzaji wa pampu kama ana mpango wa namna hiyo. Mradi wa KOSAP wa sola uliwekewa kaunti 14 zisizofikiwa vya kutosha na umeme, kama Turkana na Pokot Magharibi. Kisumu, Kakamega na Nakuru hazimo, na anayewaahidi pampu ya KOSAP Butere anawapotosha. Vilevile, orodha nyingi zinazosambazwa kwa simu bado zinataja miradi ya USAID, shirika la misaada la Marekani lililofungwa 2025.

Malipo ya kaboni, yaani fedha anazolipwa mkulima kwa kuhifadhi kaboni ya hewani katika udongo na miti, ni jambo jingine tena. Eneo hili lina historia nayo: mradi wa shirika la Vi Agroforestry uliofanywa Kisumu na Kitale ulipata mwaka 2014 hati za kwanza barani Afrika za kaboni iliyohifadhiwa katika udongo wa mashamba. Kilichowanufaisha wakulima zaidi, kwa maoni yangu, ni mafunzo na mavuno yaliyopanda, kwa maana fedha ya kaboni ikigawanywa kwa kaya moja moja huwa ndogo. Kampuni ikija na mkataba wa kaboni wa miaka 20 au zaidi na kuuita ruzuku, pelekeni karatasi hiyo kwa wakili kabla ya kutia sahihi.

Hatua ya sita: vibali

Kuvuta maji ya mto au kisima kwa ajili ya umwagiliaji kunahitaji kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji chini ya Sheria ya Maji ya 2016. Ofisi zake za kanda ziko Kisumu kwa upande wa kusini wa Ziwa Victoria, Kakamega kwa upande wa kaskazini, na Nakuru kwa Bonde la Ufa. Anzeni na chama cha watumiaji wa maji cha mto wenu, kwani maoni yake huulizwa. NEMA, mamlaka ya mazingira, itawaambia kama mradi unahitaji tathmini ya mazingira au taarifa fupi tu. Fundi wa sola awe na leseni ya EPRA (mamlaka inayosimamia nishati), ambayo ina madaraja ya T1, T2 na T3 kulingana na ukubwa wa kazi, na nakala ya leseni hiyo iambatanishwe na makadirio yake ya bei. Kaulizeni ofisi ya EPRA kama leseni ni hai. Karatasi ya zamani haina maana.

Hatua ya saba: andikeni

Linganisheni sentensi hizi mbili. Ya kwanza: "Wakulima wetu wanateseka kwa sababu ya udongo mbovu na gharama ya juu ya mafuta, hivyo tunaomba msaada." Ya pili: "Katika mashamba manane yaliyopimwa na maabara, sita yana pH chini ya 5.5, wanachama wetu 25 walitumia lita 610 za petroli kumwagilia ekari sita msimu uliopita, kama daftari lililoambatanishwa linavyoonyesha." Namba hizi ni za mfano, lakini umbo lake ndilo linalotakiwa. Elezeni tatizo kwa aya moja au mbili za aina hiyo, kisha mfanye nini, wapi, lini, na nani atakayesimamia. Lugha iwe ya kwenu; fomu nyingi za kaunti hukubali Kiswahili, na ombi lililoandikwa kwa Kiingereza cha kukodi humwacha mwenyekiti bila majibu jopo likija kumhoji.

Bajeti isomwe kama masimulizi ya mradi. Kila kifaa kikubwa kiwe na makadirio ya wauzaji watatu, kodi ikiwa ndani. Mchango wa kikundi uthaminiwe kwa bei za kijijini: siku za kuchimba, mawe, mchanga, ardhi, samadi. Msizidishe, maana mtu wa jopo pia anajua kibarua hulipwa kiasi gani Nyakach. Kisha wekeni mistari ambayo wengi huiacha: uzio na ulinzi wa paneli, vipuri, mafunzo ya watu wawili wa kutunza mtambo, na kupima udongo upya baada ya miaka miwili au mitatu. Mwonyeshe pia fedha za matengenezo zitatoka wapi ruzuku ikiisha, kwa mfano ada ndogo kwa kila saa ya kumwagilia inayowekwa katika akaunti ya peke yake. Jopo lenye uzoefu husoma sehemu hiyo kabla ya nyingine zote.

Hatua ya nane: pelekeni, na mlinde fedha

Pelekeni siku kadhaa kabla ya tarehe ya mwisho, mpigiwe muhuri kwenye nakala yenu, na mweke picha ya kila ukurasa. Mfadhili wa kweli hatozi ada ya kupokea fomu, wala haombi "asilimia ya kufungulia" kupitia M-Pesa. Anayeomba, awe wakala au mtu wa ofisi, apelekwe kwa EACC, tume ya maadili na kupambana na ufisadi.

Ruzuku ikikubaliwa, someni mkataba katika mkutano wa wanachama wote kabla ya kutia sahihi, hasa vifungu vya ununuzi na vya kurudisha fedha. Msibadilishe kifaa kilichoidhinishwa bila barua, hata kama mwuzaji ana kizuri zaidi kwa bei hiyo hiyo. Undeni kamati ya ununuzi isiyo na mhazini ndani yake. Kila risiti ipigwe picha siku ilipotolewa, kwa sababu risiti za mashine hufifia kabla mkaguzi hajafika.

Ombi likikataliwa, andikeni barua ya adabu kuomba alama na maoni ya jopo. Si ofisi zote zitakazojibu, lakini zinazojibu hutaja kasoro mbili au tatu zinazoweza kurekebishwa. Majibu ya maabara hubaki na maana kwa kama miaka mitatu iwapo hamjaweka chokaa, katiba na mkataba wa ardhi havichakai, na daftari la nishati huzidi kuwa na uzito kila msimu linapoendelezwa. Vinavyohitaji kufanywa upya kabla ya tangazo lijalo ni makadirio ya bei, cheti kilichoisha muda na taarifa ya benki.